Prosesa ya viini 16 itanipunguzia kusubiri?

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwandishi wa programu. Kwa sasa niko kwenye mradi mkubwa wa C++ ambao tuliurithi kwa timu iliyotutangulia, na kinachonichosha si msimbo wenyewe, ni kusubiri. Nikikompaili (yaani kugeuza msimbo kuwa programu) mradi wote tangu mwanzo inachukua kama dakika 40. Hiyo naivumilia, maana siifanyi kila saa. Kinachoniumiza ni kwamba hata nikigusa mstari mmoja kwenye faili moja, nasubiri dakika nzima na ushee kabla sijajua kama nimepatia. Siku ikienda hivyo, fikra zinakatikakatika, na jioni nakuta nimefanya nusu ya nilichokusudia.

Kompyuta yangu ni ya mezani: prosesa ya Ryzen 5 3600, bodi mama ya B450, RAM GB 16 (vipande viwili vya GB 8), SSD ya NVMe, na inaendeshwa na Linux. Natumia GCC (ndiyo kompaila), CMake (inayotayarisha ujenzi) na Ninja (inayoziendesha kazi za kukompaili). Ninja sijaipa maelekezo yoyote, naiacha iende yenyewe.

Nina akiba ya kununua kitu kimoja kizuri, na ushauri nimeupata mwingi hadi nimechanganyikiwa. Rafiki yangu mmoja ananiambia nichukue prosesa ya 5800X3D kwa sababu ya kache yake kubwa (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa). Mwenzangu kazini anasema kukompaili ni viini tu, kwa hiyo nisihangaike, ninunue 5950X yenye viini 16 na nyuzi 32 (kila kiini kina nyuzi mbili, yaani kinabeba kazi mbili kwa mpigo). Wa tatu anasema AM4, aina ya soketi ya bodi yangu, imezeeka, nihamie AM5 kabisa.

Kuna mambo mawili nimeyaona, labda yatakusaidia. Katikati ya kukompaili, kipanya kinaganda na muziki unakwama, na mara mojamoja kazi inakufa na ujumbe huu: "g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus". Nikianzisha tena inaendelea. La pili, dakika kama nne za mwisho ni kiini kimoja tu kinachofanya kazi, vingine vyote vimekaa. Mwanzoni pia, CMake inapokagua mazingira, ni hivyohivyo kwa dakika mbili.

Nisaidie kaka, nisije nikanunua nikajuta.

Wako, msomaji anayesubiri

*

Mdogo wangu, habari ni njema, na nashukuru kwamba hukuishia kunitajia aina ya prosesa. Hayo mambo mawili uliyoyaongeza mwishoni ndiyo yenye jibu. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Huo ujumbe wa cc1plus si kosa la msimbo wako wala la kompaila. cc1plus ndiyo programu ya GCC inayokompaili C++ yenyewe, na neno "Killed" hapo lina maana kwamba kuna aliyeiua. Aliyeiua ni kerneli ya Linux, sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu na michakato. RAM ilikwisha, kerneli ikatafuta mchakato wa kutoa kafara ili mfumo mzima usisimame, ikamkuta cc1plus ana kumbukumbu nyingi mkononi. Andika `sudo dmesg | grep -i killed` mara tu inapotokea na utaliona jina lake. Ile kuganda kwa kipanya ni dalili ya ugonjwa uleule katika hatua ya mapema: kabla haijaanza kuua, kerneli inahamisha kurasa za RAM kwenda kwenye diski na kuzirudisha. NVMe ni ya haraka, lakini ukiilinganisha na RAM ni polepole mno, na wakati huo viini vya prosesa vinasubiri tu.

Sasa tazama hesabu yake. Ninja isipoambiwa kitu, inahesabu nyuzi za prosesa na kuongeza mbili. Ryzen 5 3600 ina viini 6 na nyuzi 12, kwa hiyo Ninja inaendesha kazi 14 kwa mpigo. Gawanya GB 16 kwa 14, kila kazi inapata GB 1.1 hivi, na hapo hatujaitoa sehemu ya kivinjari, kihariri na mfumo wenyewe. Faili la C++ lenye templeti nyingi na heda nzito (mafaili mengine ambayo kompaila hulazimika kuyasoma pamoja nalo) linaweza kula GB 1 hadi 2 peke yake. Yakikutana machache ya namna hiyo kwa wakati mmoja, RAM imekwisha.

Ndiyo maana ushauri wa mwenzako wa kazini unanitia hofu. Ukichomeka 5950X leo bila kugusa kingine, Ninja itaona nyuzi 32 na kuanzisha kazi 34. GB 16 kwa 34 ni chini ya nusu GB kwa kila kazi. Utakuwa umenunua mojawapo ya prosesa kali kabisa za AM4, halafu kompyuta iende polepole kuliko ilivyokuwa na cc1plus auawe kila siku. Mwenzako hakukosea kusema kwamba viini vingi vinasaidia kukompaili. Ila kila kiini unachoongeza kinadai RAM yake, na wewe tayari una deni.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio hili. Safisha mradi, kisha endesha `time ninja -j6`. Ukimaliza, safisha tena, uendeshe `time ninja` kama ulivyozoea. Kama kazi 6 zinamaliza mapema kuliko 14, au zinakaribiana sana, umepata uthibitisho kwamba RAM ndiyo inayokubana. Wakati inaendelea, fungua terminali nyingine na uandike `vmstat 1`, halafu tazama safu za `si` na `so`. Hizo zinaonyesha kinachoingia na kutoka kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayotumika RAM inapojaa. Zikibaki sifuri, RAM inatosha. Zikianza kurukaruka kwa maelfu, hapo ndipo kipanya kinapoganda.

Hayo matokeo ya `time` usiyatupe. Yana mistari mitatu: real ni muda uliousubiri wewe, user na sys ni muda ambao viini vyote kwa pamoja vilifanya kazi. Jumlisha user na sys, ugawanye kwa real. Kwenye mashine yako jibu likikaribia 12, prosesa inashiba na kweli ndiyo kikwazo, kwa hiyo kubwa zaidi itasaidia. Likiwa 5 au 6 ilhali umeruhusu kazi 14, viini vinasubiri kitu kingine, na prosesa mpya nayo itakisubiri kitu hichohicho. Natamani kila mtu anayefikiria kununua prosesa angefanya mgawanyo huu kwanza. Unachukua sekunde chache, na unakuambia juu ya mradi wako, si juu ya mradi wa mtu mwingine aliyepima kerneli au kivinjari kwenye mashine isiyofanana na yako.

Tuje kwenye kile kiini kimoja cha mwisho. Hiyo ni hatua ya kuunganisha. Mafaili yakishakompailiwa kila moja kivyake, inabidi linka iyakusanye yote, itafute kila jina linapoitwa na linapokaa, na kuandika programu moja. Kwenye Linux nyingi linka inayokuja na GCC ni ld ya GNU, na hiyo inafanya kazi kwa uzi mmoja. Uwe na viini 6, uwe na 64, inatumia kimoja. Dakika zako nne zimekaa hapo. Na nadhani, ingawa hukusema, ile dakika nzima na ushee baada ya kugusa mstari mmoja nayo imekaa hapohapo: faili lenyewe linakompailiwa kwa sekunde chache, muda unaobaki ni linka inayosoma upya mradi mzima pamoja na taarifa zake zote za kutafutia makosa.

Kwa maumivu yako makubwa, basi, dawa haiuzwi dukani. Sakinisha lld au mold. Zote mbili zinatumia nyuzi nyingi, na kwa kweli zina baba mmoja: Rui Ueyama aliyeiandika lld ya sasa ndiye baadaye akaandika mold, iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2021. Kuitumia ni kuongeza `-fuse-ld=mold` kwenye bendera za kuunganisha, mradi GCC yako iwe 12 au mpya zaidi. Kama ni ya zamani, anza na `-fuse-ld=lld`. Kisha ongeza `-gsplit-dwarf` unapokompaili kwa ajili ya kutafuta makosa. Hiyo inaacha sehemu kubwa ya taarifa za makosa katika mafaili ya pembeni ambayo linka haina haja ya kuyabeba. Sitakuahidi sekunde ngapi, maana inategemea ukubwa wa programu yako, lakini kwenye miradi mikubwa tofauti huwa huhitaji saa ya kupimia ili uione. Uiangalie siku hiyohiyo, kabla hujafikiria prosesa.

Kama mradi unatengeneza programu nyingi ndogo za majaribio, kuna jambo jingine. Kila moja inahitaji kuunganishwa, na Ninja inaweza kuanzisha linka nyingi kwa pamoja, kila moja ikitafuna GB kadhaa. CMake ina mpangilio uitwao CMAKE_JOB_POOL_LINK unaokuruhusu kuziwekea linka kikomo chao peke yao, tuseme mbili kwa wakati, bila kuzuia kompaila. Watu wengi hawaujui, nao umeokoa mashine nyingi zenye RAM kidogo.

Na ccache, kama huna, weka. Aliyeianzisha ni Andrew Tridgell, yuleyule wa Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Inakumbuka matokeo ya kila faili, kwa hiyo ukihama tawi la git na kurudi, faili ambalo halikubadilika halikompailiwi tena. Kwenye CMake ni mstari mmoja: CMAKE_CXX_COMPILER_LAUNCHER iwe ccache. Haitakusaidia mara ya kwanza, wala haigusi kuunganisha.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze prosesa, na hapa napenda tuhesabu badala ya kubishana. Umesema dakika mbili za mwanzo na nne za mwisho ni kiini kimoja. Basi katika 40, dakika 6 haziongezeki kasi kwa kuongeza viini, na 34 zinagawanyika. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967 na mpaka leo hakuna prosesa iliyolikwepa: sehemu isiyogawanyika ndiyo inayokuwekea sakafu. Ukitoka viini 6 kwenda 12, zile 34 zinakuwa 17, jumla 23. Ukienda 16, zinakuwa kama 13, jumla 19. Yaani hatua ya kwanza inakuokolea dakika 17, na ya pili, ambayo ni ghali zaidi, inaongeza nne tu. Hata ungepewa viini visivyo na idadi, chini ya dakika 6 huendi. Lakini ukiipunguza kazi ya linka kutoka dakika nne hadi moja, umeshusha sakafu yenyewe, na hilo halikugharimu kitu.

Hesabu hiyo ni ya juujuu, nakubali. Upande mmoja inaipunja prosesa mpya: 3600 yako ni ya kizazi cha Zen 2, na AMD, mtengenezaji wake, ilipoleta Zen 3 mwaka 2020 ilitangaza kwamba kila kiini kinafanya kazi zaidi kwa wastani wa asilimia 19 kwa kila mpigo wa saa. Hilo linasaidia hata zile dakika za kiini kimoja, na linasaidia kila unapogusa mstari mmoja. Upande wa pili inazipendelea zenye viini vingi: 5900X ya viini 12 na 5950X ya viini 16 zote zimepangiwa wati 105, kwa hiyo viini 16 vikifanya kazi kwa pamoja vinagawana umeme uleule, na kila kimoja kinakwenda kwa kasi ndogo kidogo. Ukiweka yote mawili kwenye mizani, pengo kati ya 12 na 16 linazidi kuwa dogo kwa mradi kama wako.

5800X3D ni prosesa nzuri sana na rafiki yako ana haki ya kuipenda. Kache yake ya L3 ni MB 96, na michezo ya kompyuta inaifaidi mno. Lakini ina viini 8, na ili kubeba ile kache iliyopandishwa juu, AMD iliishusha kasi: inafika gigahezi 4.5 pale ambapo 5800X ya kawaida inafika 4.7. Kukompaili kunapenda kache kiasi, ila viini vinne vya ziada vya 5900X vinakupa zaidi. Ungekuwa mchezaji anayeandika programu siku mojamoja, ningekuambia uchukue hiyo. Kwa barua uliyoniandikia, hapana.

AM5 je? Ni jukwaa zuri, lakini linataka bodi mama mpya na RAM ya DDR5, na DDR4 yako haichomeki humo. Akiba ya kitu kimoja itageuka ya vitu vitatu. Ningekushauri hivyo kama bodi yako ingekuwa mbovu au kama baada ya kufanya yote haya real yako bado inakukera na mgawanyo wa `time` unasema prosesa imeshiba. Hayo hayo nayasema kuhusu Intel: zile zenye viini vikubwa na vidogo, tangu kizazi cha 12, zinakompaili vizuri, maana viini vidogo navyo vinabeba mafaili yao. Ila kwako nazo zinadai bodi mpya.

Mapendekezo yangu ni haya, na yana mpangilio. Leo: badilisha linka, weka ccache, na upunguze kazi hadi `-j8` ili kompyuta ipumue. Kitu cha kwanza kununua ni RAM, vipande viwili vya GB 16 kama seti, au viwili vya GB 32 kama unajua utafika kwenye viini 12. Nasema vipande viwili kwa sababu bodi yako ina njia mbili za RAM, na seti iliyojaribiwa pamoja inasumbua kidogo kuliko kuchanganya vinne vya watengenezaji tofauti, ambavyo mara nyingi hulazimika kushushwa kasi. Kisha ondoa kile kikomo cha `-j8` na upime upya. Si ajabu ukakuta zile dakika 40 zimepungua sana hata bila prosesa, kwa sababu sehemu yake ilikuwa ni kusubiri swapu. Ukiona mgawanyo wa `time` sasa uko karibu na 12 na bado unataka zaidi, nunua 5900X.

Kwa 5900X yenye nyuzi 24, Ninja itaanzisha kazi 26. GB 32 zitatosha ukiziwekea kikomo cha 16 au 18. GB 64 hazihitaji kikomo chochote.

Kabla ya kununua prosesa, fungua ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, uone toleo la BIOS (programu ya msingi ya bodi) linalotakiwa. Bodi za B450 zilitoka kabla ya Ryzen 5000, na BIOS ya zamani haitaitambua prosesa mpya: kompyuta itawaka feni na kioo kibaki cheusi. Sasisha BIOS ungali na 3600 ndani. Baadhi ya B450 za bei ya chini zina sehemu ya kugawa umeme iliyo dhaifu, na kukompaili ni kazi inayobana prosesa kwa dakika nyingi mfululizo, si kama mchezo unaopanda na kushuka. Kama bodi yako haina vipozeo vya chuma juu ya sehemu hiyo, washa hali ya Eco kwenye BIOS na uipunguze 5900X hadi daraja la wati 65. Utapoteza kasi kidogo, lakini bodi itakaa na afya. Kipozeo pia: kile kidogo kilichokuja na 3600 hakitoshi, na 5900X inauzwa bila kipozeo, kwa hiyo kiweke kwenye bajeti tangu sasa.

Siku ya kubadilisha, iendeshe kompyuta kwa dakika kumi hivi ipate joto, ikompaili kitu. Zima, chomoa umeme, halafu unapotoa kipozeo kizungushe polepole kushoto na kulia kabla ya kukivuta juu. Prosesa za AM4 zina pini upande wa chini, na pasta ya kupitisha joto iliyo kati yake na kipozeo ikiwa baridi inashika kama gundi: ukivuta kwa nguvu, prosesa inang'oka na kipozeo ingawa mkono wa soketi umefungwa, na pini zinapinda.

Ukishawasha, ingia tena kwenye BIOS kabla ya jambo lolote. Kusasisha BIOS mara nyingi hurudisha mipangilio yote ya kiwandani, na RAM iliyoandikwa 3200 inaanza kukimbia kwa 2133 au 2400 bila kukuambia. Tafuta profaili ya XMP au DOCP, inayoirudishia RAM kasi yake iliyoandikwa, iwashe, hifadhi, kisha uende ukaendeshe `time ninja` yako.

Mshauri